Upote wa Upinde: Namna ya Kuchagua Malighafi na Idadi ya Nyuzi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Upinde ni miongoni mwa zana za kale zaidi zinazoendelea kutumika katika nyanda za kati za Tanzania. Upo katika michoro ya miambani Kondoa, upo mikononi mwa wazee wa Kisandawe wilayani Chemba, na upo begani mwa Mhadzabe anayetoka kambini alfajiri. Katika miaka ya karibuni mchezo wa kulenga shabaha kwa mishale nao umeanza kuwavutia vijana, na mafundi wa mijini wanaulizwa maswali ambayo zamani yaliulizwa porini tu. Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: upote wa upinde utengenezwe kwa kitu gani, na uwe na nyuzi ngapi?

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana. Upote ukikatika wakati upinde umevutwa, nguvu yote iliyokusanywa hurudi ndani ya mti. Upinde unaweza kupasuka vipande viwili, na ncha ya upote inaweza kumpiga mpigaji usoni au machoni. Aidha, mwananchi asiyejua sheria anaweza kujikuta mahakamani kwa sababu ya kipande kikavu cha kano alichokiona kuwa hakina thamani. Makala hii inaeleza malighafi zinazofaa, namna ya kukadiria idadi ya nyuzi, matunzo yanayolingana na hali ya hewa ya Kanda ya Kati, na mipaka iliyowekwa na sheria.

Upote ni nini

Upote ni uzi unaounganisha ncha mbili za upinde. Baadhi ya wasemaji huuita ugwe, na wengine husema tu kamba ya upinde. Neno upote lina uhusiano na kitenzi kupota, yaani kusokota nyuzi mpaka zishikamane, na kwa hiyo jina lenyewe linataja namna uzi huo unavyotengenezwa. Haukatwi ukiwa kitu kimoja kutoka kwenye bunda la kamba. Hujengwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, kila moja ikibeba sehemu yake ya mzigo.

Kazi ya upote ni tatu. Kwanza, huushikilia upinde katika hali ya kujikunja. Pili, hupokea nguvu ya mkono wa mpigaji na kuipeleka kwenye mikono ya upinde wakati wa kuvuta. Tatu, huirudisha nguvu hiyo kwenye mshale unapoachiwa. Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mshale unapoondoka, upote hunyooka ghafla na kusimama, na katika nukta hiyo mvuto ulio ndani yake hupita kwa mbali nguvu aliyoitumia mpigaji kuuvuta. Ndiyo sababu upote unaoweza kubeba uzito sawa na nguvu ya upinde peke yake hautoshi hata kidogo.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya msingi ya makala hii. Upote bora si ule ulio mgumu kuliko wote, wala ule ulio mnene kuliko wote. Upote bora ni ule unaolingana na upinde wake.

Urithi wa Kanda ya Kati

Katika vilima vya Kolo, wilayani Kondoa, na katika maeneo yanayovizunguka, miamba iliyoinama kama mapaa imehifadhi michoro ya watu na wanyama. Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza Michoro ya Miambani Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro. Mtafiti Mary Leakey aliinakili sehemu ya michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 1983 kazi yake ikachapishwa kitabuni. Miongoni mwa taswira hizo wamo watu wembamba walioshika pinde.

Wasandawe, ambao wengi wao wanaishi katika Wilaya ya Chemba, leo ni wakulima na wafugaji, lakini kumbukumbu za uwindaji na urinaji wa asali bado ni sehemu ya maisha yao. Wahadzabe wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, katika mikoa ya Arusha na Manyara, na wengine wako Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Kwao upinde haujawa kumbukumbu. Ni zana ya kila siku ambayo mtoto wa kiume huanza kuishika akiwa mdogo sana, kwa upinde mdogo unaolingana na mkono wake.

Watafiti waliopima pinde za Wahadzabe wamekuta kwamba nguvu ya kuzivuta ni karibu kilo 30 kwa wastani. Kwa kulinganisha, wanaume wanaoshiriki Michezo ya Olimpiki, ambao hulenga shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122 kutoka umbali wa mita 70, kwa kawaida hutumia pinde za kilo 20 hadi 23. Upinde wa kilo 30 unadai upote wa kuaminika, na kwa vizazi vingi upote huo umetengenezwa kwa kano za wanyama, nyuzi zinazotoka shingoni na mgongoni, zikalainishwa na kusokotwa kwa mkono. Hakuna kiwanda kilichohusika. Kilichokuwapo ni ujuzi wa kutambua nyuzi zipi zinavutika kidogo na zipi zinakatika mapema.

Malighafi za asili

Kano ndiyo malighafi bora zaidi ya asili. Nyuzi zake ni nyembamba, zina nguvu kubwa kwa uzito wake, na zina unyumbufu wa kiasi unaopunguza mshtuko kwenye mti. Kwa mtengenezaji wa leo, chanzo halali na rahisi ni mifugo. Kanda ya Kati ina ng'ombe wengi, na kano za mgongo au za miguu hupatikana machinjioni na kwa wauza nyama.

Utengenezaji wake unahitaji subira. Kano husafishwa nyama na mafuta yote, kisha hukaushwa kivulini, si juani. Ikishakauka hupondwa taratibu kwa kipande cha mti laini mpaka ianze kuachana, halafu huchambuliwa kuwa nyuzi. Nyuzi hizo huloweshwa kidogo na kusokotwa. Kwa kuwa uzi mmoja wa kano ni mfupi kuliko upinde, mtengenezaji huongeza uzi mpya kabla ule wa awali haujaisha, na maungio hayo hayawekwi mahali pamoja. Upote ambao maungio yake yote yamekutana sehemu moja utakatikia hapo.

Udhaifu wa kano ni maji. Ikilowa hulegea na kurefuka, na upinde hupoteza nguvu. Panya na wadudu nao huipenda, kwa hiyo upote wa kano haupaswi kuachwa ukutani bila kinga.

Ngozi mbichi ya ng'ombe au mbuzi, iliyokatwa ukanda mwembamba kwa kuzunguka na kusokotwa ingali na unyevu, ni chaguo la pili. Hudumu na huvumilia michubuko, lakini ni nzito na huathiriwa na maji kama kano. Inafaa kwa pinde fupi zenye nguvu nyingi kuliko pinde nyepesi za kulengea shabaha, kwa sababu uzito wake hupunguza mwendo wa mshale.

Mkonge ni chaguo la tatu. Zao hili lililetwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na nyuzi zake zinajulikana kila mahali kwa kamba na magunia. Aidha, mkonge pori, ambao humea wenyewe katika vichaka vya ukame, umetumika Afrika Mashariki kwa kamba nyembamba tangu kabla ya mashamba makubwa. Nyuzi hizi hazivutiki sana, na hilo ni jema. Hata hivyo ni ngumu na hukwaruza, na zikipindwa mara nyingi mahali pamoja huvunjika. Sehemu ya kitanzi, inayokaa kwenye ncha ya upinde, ndiyo huharibika kwanza. Anayetumia mkonge achague nyuzi ndefu zilizochanwa vizuri, azipake nta, na aongeze unene kwenye vitanzi. Upote wa mkonge uhifadhiwe kwa pinde nyepesi za mafunzo.

Malighafi za viwandani

Nyuzi za viwandani zinazotumika kwa upote ziko katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni polista, ambayo katika biashara ya pinde hujulikana zaidi kwa jina la Dacron. Uzi wake maarufu, B-50, hukatika kwa mzigo unaokaribia kilo 22 kwa kila uzi mmoja. Polista huvutika kidogo, haiathiriwi na maji, na hupokea sehemu ya mshtuko wakati mshale unapoondoka. Kwa sababu hiyo ndiyo inayopendekezwa kwa pinde za mti mtupu, pinde za zamani, na pinde zote za wanaojifunza.

Kundi la pili ni nyuzi za poliethilini yenye nguvu kubwa, zinazouzwa kwa majina kama Dyneema, Spectra na Fast Flight. Uzi mmoja wa aina hii unaweza kubeba mara mbili ya uzi wa Dacron, na hauvutiki kwa kiasi cha kuonekana. Mshale huondoka kwa kasi zaidi. Hata hivyo faida hiyo ina gharama. Uzi usiovutika husimama kwa ghafla, na mshtuko wote huingia kwenye ncha za upinde. Upinde wa kisasa ambao ncha zake zimeimarishwa huvumilia. Upinde wa mti uliochongwa kijijini, au wa zamani usiojulikana historia yake, unaweza kupasuka kwenye ncha, wakati mwingine katika mapigo ya kwanza kabisa. Mwenye upinde wa namna hiyo asishawishike na maneno ya muuzaji kwamba uzi ghali ni uzi bora kwa kila upinde.

Nailoni, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa wauza zana za uvuvi, haifai. Ina nguvu, lakini huvutika mno. Upinde wenye upote wa nailoni hubadilika umbo kila unapovutwa, mshale huenda bila mpangilio, na nguvu nyingi hupotea ndani ya uzi. Aidha, mafundo ya nailoni huteleza na kufunguka. Waya wa chuma usitumike kamwe: hukata ncha za mti, na ukikatika ni hatari kwa kila aliye karibu.

Namna ya kupata idadi ya nyuzi

Kabla ya kuhesabu nyuzi, ni lazima kujua nguvu ya upinde. Nguvu hiyo hupimwa pale mpigaji anapofikia mwisho wa mvuto wake, si pale upinde unapoweza kufika. Tumia mizani ya ndoano. Tia ndoano katikati ya upote, vuta mpaka urefu ambao mpigaji huvuta, kisha soma kilo. Pinde nyingi za dukani huandikwa nguvu yake kwa ratili, ambazo wauzaji huziita paundi. Ratili moja ni karibu gramu 454, kwa hiyo upinde wa ratili 40 ni upinde wa kilo 18 hivi.

Kwa uzi wa Dacron B-50, watengenezaji wamezoea kufuata viwango vifuatavyo:

Upinde wa ratili 20 hadi 30 (kilo 9 hadi 14): nyuzi 8.
Upinde wa ratili 25 hadi 35 (kilo 11 hadi 16): nyuzi 10.
Upinde wa ratili 35 hadi 45 (kilo 16 hadi 20): nyuzi 12.
Upinde wa ratili 45 hadi 55 (kilo 20 hadi 25): nyuzi 14.
Upinde wa ratili 55 hadi 80 (kilo 25 hadi 36): nyuzi 16.

Pale viwango viwili vinapokutana, chagua idadi kubwa. Kwa nyuzi za poliethilini yenye nguvu kubwa, idadi ya kawaida ni kati ya 14 na 20, kutegemea unene wa uzi wenyewe. Msomaji anaweza kushangaa kwamba uzi wenye nguvu maradufu hauhitaji nusu ya idadi. Sababu ni kwamba nyuzi hizo ni nyembamba zaidi. Zikiwa chache, upote huwa mwembamba kupita kiasi, huumiza vidole, hukata ncha za upinde, na mshale haukai imara juu yake.

Hesabu ifuatayo inaonesha kwamba idadi ya nyuzi si suala la nguvu pekee. Nyuzi 12 za B-50 zinaweza kubeba jumla ya kilo 264, ilhali upinde wa ratili 40 huvutwa kwa kilo 18. Uwiano huo ni zaidi ya mara kumi na nne. Ziada hiyo si ubadhirifu. Inazuia upote kurefuka taratibu kadiri siku zinavyokwenda, inafidia kuchakaa, na inaupa unene unaolingana na pengo la mkia wa mshale.

Hata hivyo kuongeza nyuzi bila kikomo ni kosa. Wataalamu wa pinde huhesabu kwamba takriban theluthi ya uzito wa upote hufanya kazi kana kwamba imeongezwa kwenye mshale. Kila uzi wa ziada ni mzigo unaobebwa katika kila pigo. Anayeongeza nyuzi nne zisizohitajika hapati usalama zaidi, bali hupata mshale unaoanguka mapema.

Kukadiria nyuzi za asili

Kano na mkonge havina kipimo kilichoandikwa kiwandani. Nguvu ya uzi hutegemea umri wa mnyama, namna ya kukausha, na mkono wa aliyesokota. Kwa hiyo mtengenezaji hana budi kupima mwenyewe, na kipimo chake ni rahisi.

Chukua uzi mmoja uliokwisha kusokotwa. Ufunge juu kwenye boriti, na chini uning'inize ndoo. Mimina maji taratibu, ukihesabu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito wa ndoo yenyewe huongezwa. Andika kilo ambazo uzi ulikatika. Rudia kwa nyuzi tano, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote, si wastani, kwa sababu upote hukatika panapokuwa na udhaifu.

Kanuni ya zamani ya mafundi inataka upote uweze kubeba angalau mara nne ya nguvu ya upinde. Kwa nyuzi za mkono, ambazo hazilingani, mara sita ni kiwango cha busara zaidi. Tuseme upinde una kilo 18, na uzi dhaifu kuliko wote ulikatika kwa kilo 6. Kilo 18 mara sita ni kilo 108. Kilo 108 zikigawanywa kwa 6 ni nyuzi 18. Idadi hiyo inagawanyika vizuri katika mafungu matatu ya nyuzi sita, na mafungu hayo husokotwa pamoja kuwa upote mmoja. Kila fungu husokotwa kuelekea upande mmoja, kisha mafungu yote huzungushwa kuelekea upande wa pili, ili yasifunguke.

Mgawanyo ni jambo la kuzingatiwa kwa upote wa kiwandani pia. Upote wa kusokotwa unahitaji idadi inayogawanyika sawa kwa mbili au tatu: nyuzi 12 hutoa mafungu mawili ya sita au matatu ya nne. Upote unaotengenezwa kwa kuzungusha uzi mmoja kati ya vigingi viwili daima huwa na idadi shufwa, kwa kuwa kila mzunguko huleta nyuzi mbili.

Urefu, katikati na kipimo cha mshale

Upote wa upinde wa kisasa wenye ncha zilizojikunja kwa kawaida huwa mfupi kuliko urefu ulioandikwa kwenye upinde kwa sentimita 8 hadi 10. Kwa upinde wa mti ulionyooka, kipimo cha kale bado kinafaa: upinde ukishafungwa, ngumi iliyowekwa kwenye mshiko huku dole gumba likiwa limesimama inapaswa kukaribia kugusa upote. Umbali huo ni sentimita 15 hadi 18. Ukiwa mdogo, upote utaupiga mkono. Ukiwa mkubwa, upinde utachoka bure.

Marekebisho madogo hufanywa kwa kusokota. Mizunguko zaidi hufupisha upote, na michache huurefusha. Upote uliosokotwa kupita kiasi, hata hivyo, huanza kuvutika kama chemchemi na kupoteza faida ya uzi mzuri.

Sehemu ya kati, mahali vidole na mshale vinapokaa, hufungwa kwa uzi mwingine wa kuviringia. Ufungaji huo huzuia kuchakaa na hurekebisha unene. Kipimo chake ni hiki: pachika mshale kwenye upote na uuache uning'inie. Unapaswa kujishikilia wenyewe, na kuanguka upote unapogongwa kidogo kwa kidole. Usipojishikilia, unaweza kuchomoka kabla ya kuachiwa, na hilo ni sawa na kufyatua upinde bila mshale, kitendo kinachovunja pinde nyingi. Usipoanguka, pengo limebana mno na mshale hautatoka sawasawa.

Matunzo katika hali ya hewa ya Kanda ya Kati

Dodoma na maeneo jirani yana msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na miezi mirefu ya ukame, jua kali na upepo wenye vumbi. Kila msimu una madhara yake kwa upote.

Wakati wa masika, upote wa kano au ngozi ufungwe kwenye upinde pale tu unapotumika, na ubebwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukilowa, ufunguliwe na ukaushwe kivulini ukiwa umenyooshwa. Usikaushwe jikoni wala juu ya moto.

Wakati wa kiangazi adui ni ukavu na vumbi. Kano iliyokauka kupita kiasi hupasuka, na chembe za mchanga zinazoingia kati ya nyuzi hukata taratibu kama msasa. Tiba ya yote mawili ni nta ya nyuki, ambayo wafuga nyuki wa Dodoma na Singida huwa nayo. Pakaa nta kidogo, kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka joto la vidole liiyeyushe iingie ndani. Nyuzi za viwandani nazo huhitaji nta. Hizi za poliethilini zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa joto hulegeza uzi na kuurefusha.

Kabla ya kila zoezi, pitisha vidole kwenye upote wote na uangalie vitanzi viwili na sehemu ya kati. Uzi mmoja ukikatika, upote wote uondolewe siku hiyo hiyo. Usifungwe fundo ili kuendelea. Fundo hupunguza nguvu ya uzi na huufanya mzigo uelekee kwa nyuzi chache.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu sehemu yoyote ya mnyamapori kuwa nyara, iwe mbichi, kavu au iliyogeuzwa kuwa kifaa. Kano ya pofu, twiga au pundamilia imo katika maana hiyo. Kuimiliki, kuiuza au kuisafirisha bila kibali ni kosa, hata kama mwenye nayo hakuwinda mwenyewe na hata kama aliinunua akiidhani ni kitu cha utamaduni. Mtu anayetaka upote wa kano atumie kano ya mifugo. Kazi yake ni ileile, na haimpeleki mtu kizuizini.

Vilevile, upinde na mishale ni silaha mbele ya sheria za hifadhi. Hairuhusiwi kuingia navyo bila kibali katika hifadhi za taifa wala mapori ya akiba, yakiwamo Swagaswaga na Mkungunero mkoani Dodoma. Anayesafiri na upinde wa michezo karibu na maeneo hayo aulize kwanza katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Kwa upande wa michezo, vikundi vya vijana vinavyotaka kuanzisha klabu ya kulenga shabaha vinapaswa kusajiliwa kwa mujibu wa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Usajili huo huiwezesha klabu kupata mwongozo na kuwajibika kwa usalama wa wanachama wake. Kanuni za kimataifa za mchezo huu hazilazimishi idadi maalumu ya nyuzi, hivyo wajibu wa kuchagua vyema unabaki kwa mpigaji na mwalimu wake.

Mambo ya kukumbuka

Pima nguvu ya upinde kabla ya kununua au kusokota uzi. Kwa upinde wa mti na kwa mwanafunzi, chagua polista au kano ya ng'ombe. Nyuzi zisizovutika ziachiwe pinde zilizotengenezwa kwa ajili yake. Hesabu nyuzi kwa kufuata kiwango, na kwa nyuzi za mkono pima kwa ndoo. Usifyatue upinde bila mshale. Watazamaji wote wasimame nyuma ya mstari wa wapigaji, na mtoto asishike upinde ambao mtu mzima hajaukagua upote wake.

Ujuzi wa kusokota upote haujaandikwa sana katika vitabu vya Kiswahili. Kwa sehemu kubwa umo vidoleni mwa wazee wa Chemba, Mkalama na Yaeda, ambao hutambua uzi mzuri kwa kuuvuta masikioni na kuusikiliza. Maofisa utamaduni, walimu wa michezo na vijana wenye pinde mpya za dukani watafaidika wakiketi na wazee hao na kuwauliza, wakiwa na mizani mkononi, ili kila kinachojulikana kwa kugusa kipate pia tarakimu zake.